Ajali haina kinga? Msumeno una kinga, ila tuliifungua na spana

Si unajua vile huwa tukienda kumjulia mtu hali? Unaingia, unatoa salamu, unaketi kwenye mkeka, unaletewa shaah, na kabla hujameza funda la pili unasema ile sentensi ambayo sote tumeikariri: "Pole sana, ajali haina kinga."

Niliisema mimi mwenyewe mwaka juzi, hapa Garissa, mbele ya binamu yangu. Alikuwa amelala, mkono wa kushoto umefungwa bandeji nyeupe kubwa kama glavu ya bondia. Chini ya bandeji hiyo vidole viwili havikuwepo. Msumeno wa mezani ulikuwa umevichukua saa kumi jioni, akikata mbao za kitanda cha mteja aliyekuwa amepiga simu mara tatu siku hiyo akiuliza kitanda kiko wapi.

Binamu alinitazama, akacheka kidogo.

"Walaal, kinga ilikuwepo," akasema. "Iko chini ya benchi. Tuliifungua na spana siku ile mashine ilipofika."

Tangu siku hiyo ule msemo haushuki kooni. Kwa hivyo leo nataka tuongee, mimi na wewe, kuhusu mashine za mbao. Mimi si mwalimu wa ufundi. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipogoma, na mjomba wangu, Abti, akanichukua kwenye karakana yake karibu na Barabara ya Ngamia. Nilifagia maranda, nikashika ncha ya mbao wakati wengine wanakata, nikajifunza kupiga randa. Baadaye nikaanza kuandika. Lakini niliyoyaona pale ni mengi, na naona vijana wengi wanaingia kwenye kazi hii wakiwa na simu moja, video tatu na moyo mkubwa.

Mbona sasa?

Kwa sababu mji umebadilika. Zamani Garissa iliendeshwa na jenereta za dizeli, na mashine kubwa ilikuwa ya mtu mwenye uwezo. Leo tuko kwenye gridi ya taifa, na tangu Desemba 2019 kuna ule mtambo wa sola wa takriban megawati 50 nje ya mji. Nyumba zinajengwa kila upande, kuanzia Bulla Iftin mpaka Madogo ng'ambo ya daraja. Kila nyumba inataka milango, vitanda, kabati na stendi ya televisheni. Mtu akipata doo kidogo ananunua msumeno wa mkono, grainda na drili, anakodi kibanda cha mabati, na tayari yeye ni fundi.

Hilo ni jambo zuri. Sisemi uogope. Nasema ujue unacheza na nani.

Hesabu ya kasi

Chukua bledi ya kawaida ya msumeno wa mezani, kipenyo cha milimita 250, inayozunguka mara 4,000 kwa dakika. Piga hesabu: jino la bledi hiyo linasafiri karibu mita 52 kwa sekunde. Hiyo ni kama kilomita 188 kwa saa. Hakuna basi la Nairobi–Garissa litakalokimbia hivyo, hata dereva awe amelewa miraa namna gani.

Sasa wewe. Ukishtuka, mwili wako unahitaji takriban robo sekunde kabla haujafanya lolote. Katika robo sekunde hiyo, kama bledi ina meno 40, zaidi ya meno 600 yamepita mahali pale pale. Ndiyo maana kila aliyeumia anakuambia neno lile lile: "Sikuona." Ni ukweli, hakuona. Kwa hivyo usijidanganye kwamba wewe ni mwepesi na utavuta mkono. Ulinzi wako lazima uwepo kabla ya kuwasha.

Marekani kuna jamaa anaitwa Stephen Gass aliyebuni msumeno unaohisi nyama. Bledi ikigusa kidole inasimama ndani ya milisekunde chache. Mashine hizo, zinazoitwa SawStop, zilianza kuuzwa miaka ya mwanzo ya 2000, na huwa wanazionyesha kwa kusukuma soseji kwenye bledi. Soseji inatoka na mkwaruzo tu. Safi sana. Lakini ile iliyoko kibandani kwako haijui tofauti ya mninga na kidole.

Teke la punda

Mtu wa Garissa hahitaji kufundishwa kwamba hasimami nyuma ya punda. Basi msumeno wa mezani nao hupiga teke.

Linatokea hivi. Meno ya mbele ya bledi yanashuka chini na kukata. Meno ya nyuma yanapanda juu. Mbao ikijipinda, au ikijifunga na kuibana bledi kwa nyuma, yale meno yanayopanda yanaishika, yanaiinua na kuirusha kuelekea kwako. Mbao inakupiga tumboni au usoni, na mkono uliokuwa umeishika unavutwa kwenye bledi. Hivyo ndivyo binamu yangu alivyoumia. Hakuteleza. Mbao ilirushwa, mkono ukaifuata.

Mambo manne yanapunguza teke hilo:

Kwanza, lile bamba jembamba la chuma linalokaa nyuma ya bledi. Kazi yake ni kuzuia mbao isijifunge. Mafundi wengi wanaling'oa pamoja na kinga. Lirudishe.

Pili, usikate kwa mkono mtupu kwenye msumeno wa mezani. Mbao iegemee rula ya pembeni, au ishikwe na kile kipimo cha kukata mkingamo. Usitumie vyote viwili kwa pamoja kukatisha kipande, maana kipande kitabanwa katikati na kurushwa.

Tatu, simama kando kidogo ya mstari wa bledi, usisimame moja kwa moja nyuma yake.

Nne, mkono usifike karibu na bledi kuliko shubiri moja. Kipande kikiwa kifupi, tumia kijiti cha kusukumia. Kijiti ni kipande cha mbao ulichokichonga mwenyewe kwa dakika tano, na kikikatwa unachonga kingine.

Na hapa kwetu kuna jambo la ziada: mathenge. Huu mti uliletwa ukanda wa Bura miaka ya themanini kwa ajili ya kuni, ukatuvamia kila mahali. Watu wanauchoma makaa, na sasa baadhi ya mafundi wanaupasua kwa samani kwa sababu ni mgumu na una rangi nzuri. Lakini haunyooki. Gogo lililopinda halikai sawa mezani, na ukilipasua linajifunga lenyewe kwenye bledi. Ukitaka kufanya kazi na mathenge, linyooshe upande mmoja kwanza, kata vipande vifupi, na sukuma polepole.

Grainda si msumeno

Hii nataka uisome mara mbili. Nimeona vibandani, Garissa, Mwingi na hata Nairobi, mtu anatoa diski ya chuma kwenye grainda, anafunga bledi ya mbao yenye meno, kisha anatoa kinga kwa sababu bledi haiingii.

Grainda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Msumeno wa mkono wa umeme huzunguka kama mara 5,000. Bledi nyingi za mbao hazikuundwa kwa kasi hiyo ya grainda. Angalia bledi yenyewe, kasi ya mwisho imeandikwa pale juu. Ukipita hapo, jino linaweza kung'oka likawa risasi. Na meno makubwa yakiuma mbao, grainda inaruka kutoka mkononi. Ikiruka inaenda wapi? Shingoni, usoni, pajani. Nimemwona mtu mwenye kovu kutoka sikioni hadi kidevuni kwa sababu ya kuokoa bei ya msumeno. Grainda iachie chuma.

Unavaa nini?

Kanuni ni moja: chochote kinachoning'inia kitavutwa. Macawis ni nguo tamu kwenye joto letu, lakini isifike karibu na mashine inayozunguka. Kanzu, vivyo hivyo. Dada yangu, kama uko kwenye kazi hii (na mko, nawaona), hijabu fupi iliyobanwa ndani ya dasta ni sawa. Ncha zinazoning'inia si sawa. Pete, saa, tasbihi ya mkononi, spika za masikioni zenye waya, vyote viwekwe mfukoni au kwenye droo.

Na glavu? Hapa wengi hushangaa. Kwenye msumeno, drili ya mezani na randa ya mashine, usivae glavu. Jino linaweza kukwaruza ngozi tu, lakini likishika kitambaa linavuta mkono mzima. Glavu ni za kubeba mbao zenye vibanzi.

Miwani ya kazi vaa kila wakati. Haizidi bei ya sahani ya pilau, na jicho haliuzwi Soko Mugdi.

Stima ikipotea, na ikirudi

Tuseme ukweli, stima yetu ina tabia zake. Uko katikati ya kukata, inapotea. Mashine inanyamaza. Unatoa simu, unapiga stori, mtu anainama kusafisha vumbi kwenye bledi. Kisha stima inarudi, na swichi ilikuwa bado imewashwa.

Unaelewa kilichotokea hapo.

Kwa hivyo, stima ikipotea, jambo la kwanza ni kuzima swichi, la pili ni kuchomoa plagi, halafu ndiyo simu. Kubadilisha bledi pia plagi iwe nje, na uione kwa macho yako. Kama una mashine ya mezani, mwombe fundi wa umeme akuwekee swichi ya vitufe, ile ambayo stima ikikatika inajizima na haiwaki tena mpaka uibonyeze. Kwa ndugu zetu wa Wajir na Mandera, ambao miji yao inategemea vituo vyake yenyewe, na kwa wote wanaotumia jenereta, hii ni muhimu zaidi.

Ekstensheni nayo usiitumie ikiwa imeviringwa; inapata moto, na chini yake kuna maranda. Na Tana ikifurika, kama Novemba 2023 na tena 2024, usiwashe chochote kwenye kibanda kilichoingia maji mpaka kila kitu kikauke na soketi zikaguliwe. Ndara zilizolowa na jasho mwilini ni njia nzuri ya stima kupita.

Joto, swaumu na haraka

Mashine ni ile ile saa moja asubuhi na saa tisa mchana. Anayebadilika ni wewe. Joto likifika digrii 37, miwani inajaa jasho unaivua, mikono inateleza, kichwa kinachoka. Ramadhani inaongeza kiu na usingizi mdogo. Nayo Ramadhani ndiyo msimu wa pesa, kwa sababu kila mtu anataka viti vipya kabla ya Idd.

Abti sasa ana ratiba. Kukata kote hufanywa baada ya Alfajiri mpaka saa nne. Mchana ni kazi ya mkono: gundi, msasa, kupaka vanishi. Hakuna msumeno baada ya Adhuhuri, na usiku hakuna msumeno bila taa ya kutosha. Mteja akilia, analia. Ratiba hiyo haikumgharimu hata shilingi.

Vinavyoumiza polepole

Kidole kikikatika unakiona. Masikio na mapafu hayakupi taarifa. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa nane, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Msumeno ukifika desibeli 100, muda wako salama ni dakika 15. Kwa siku nzima! Vizibo vya masikio ni vya bei ndogo mno.

Vumbi la mbao nalo, tangu 1995 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani limeliweka kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na vishimo vilivyo karibu nayo. Vaa barakoa inayokaza, fungua kibanda upepo upite, nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia. Leso iliyofungwa mdomoni haichuji vumbi jembamba.

Ikishatokea

Siku ile kwenye karakana watu walipiga kelele, wakakimbia huku na kule, mtu akamwaga majani ya chai kwenye kidonda. Usifanye hivyo. Zima mashine. Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, usiachie. Inua mkono juu ya kifua. Kimbia hospitali.

Kidole kilichokatika kitafute mara moja. Kisuuze kidogo kwa maji safi, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha uweke mfuko huo kwenye barafu au maji baridi. Kisiguse barafu moja kwa moja. Kikiwa baridi, daktari anaweza kuwa na nafasi ya kukirudisha. Kwenye joto letu, kikiachwa hivi hivi, nafasi hiyo inakwisha upesi, na Nairobi ni takriban kilomita 370.

Hakuna aliyejua hayo. Vidole vya binamu yangu vilipatikana kwenye maranda wakati wa Magharibi. Abti alivikunja ndani ya kitambaa cheupe, akaenda navyo, akavizika. Ni mwanawe. Hakutaka mtu amsindikize.

Haki yako

Kama umeajiriwa, hata kwa mapatano ya mdomo, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga bila kukutoza, na mashine ziwe na kinga. Kenya ina hata kanuni maalumu za mashine za mbao, za mwaka 1959. Kinga ya msumeno si mambo ya kizungu yaliyokuja juzi. Ukiumia, kuna Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya 2007, ambayo inamhesabu hata mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Ripoti mapema, weka karatasi za hospitali, na dai lako lipelekwe ndani ya miezi 12.

Na kama ulijifunzia kazini kama mimi, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja. Cheti hicho hakiulizi kama ulimaliza chuo.

Lakini kama wewe ndiye bosi wako mwenyewe, hakuna wa kukulipa. Vidole vyako ndiyo bima yako.

Mfunge ngamia

Sitadanganya kwamba kinga haina usumbufu. Inaziba mstari wa penseli. Haikubali baadhi ya mikato. Fundi anayelipwa kwa kitanda, si kwa siku, anaona inamla muda. Hatukuitoa kwa ujinga. Tuliitoa kwa sababu kila siku iliyopita salama ilituambia haina kazi.

Baada ya ajali nilimwambia Abti tuirudishe. Akajibu kwa upole kwamba yaliyoandikwa yameandikwa. Mtu hamjibu mjomba wake ovyo, kwa hivyo nilinyamaza. Aliyesema ni binamu mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Aabo, si yule bedui aliambiwa amfunge ngamia kwanza, ndiyo amtegemee Mwenyezi Mungu?"

Abti hakusema kitu. Alikunywa shaah yake, akavaa viatu, akatoka.

Kesho yake asubuhi nilimkuta amepiga magoti chini ya benchi, anatoa mabuibui kwenye kinga. Boliti mbili zilikuwa zimepotea. Alinituma dukani. Kufunga kote hakukuchukua hata nusu saa.

Kile kitanda, kwa taarifa yako, mteja alikwenda kununua kwingine. Binamu amerudi kazini. Anatengeneza milango, na anafundisha kijana mmoja wa miaka kumi na minane. Kila asubuhi kabla ya kuwasha anamwonyesha mkono wake wa kushoto, halafu anamwonyesha kinga. Hasemi lolote.

Basi wewe, jioni hii kabla hujafunga kibanda, piga magoti uangalie chini ya benchi lako. Ukiikuta, tafuta spana.